Nilikuwa Nakimbia kwa Kasi ya Mwaka 1998

Mwaka 1998, nikiwa na miaka 18, nilikimbia mita 5,000 kwa dakika 18 na sekunde 40. Mwalimu wetu wa michezo aliuandika muda huo kwa chaki kwenye ubao wa bwalo la chakula, ukakaa pale wiki nzima bila mtu kuufuta. Ukigawanya, ni dakika 3 na sekunde 44 kwa kila kilomita. Namba hiyo sikuwahi kuisahau. Nimeoa nikiwa nayo, nimehamia Kigoma nikiwa nayo, nimefikisha miaka 45 na kilo 91 nikiwa nayo bado.

Juni 2025 nilipimwa presha, ikasoma 150 kwa 96. Muuguzi akanipumzisha dakika kumi, akapima mkono wa pili, ikarudi ile ile. Daktari akaniambia nipunguze chumvi, nirudi baada ya mwezi, na nianze mazoezi, taratibu nifikishe walau dakika 150 kwa wiki. "Mwalimu, anza kwa kutembea," alisema. Neno mazoezi nililishika. Neno kutembea lilipita, kwa sababu kichwani mwangu mimi nilikuwa mkimbiaji aliyepumzika tu kidogo.

Hapa mtaani kuna vijana wanaokimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wanakutana Stesheni, mbele ya lile jengo la reli la Wajerumani, wanapanda barabara ya Lumumba hadi Mwanga, wanaendelea kuelekea Ujiji, wanageuza njiani. Jumla kilomita kumi. Mwendo wao wa kawaida ni dakika 5 na nusu kwa kilomita. Niliposikia hivyo nikapiga hesabu: mimi nilikuwa natumia 3 na 44, hawa wanatumia 5 na nusu, basi nimejiachia nafasi kubwa. Nafundisha hisabati miaka 20 sasa, na hesabu ile ilikuwa sahihi kabisa kwa tarakimu. Kilichokosekana ni mtu mwenyewe: aliyekimbia 3 na 44 alikuwa na kilo 58 na alikuwa anatembea kilomita sita kila siku kwenda na kurudi shule.

Jumamosi ya kwanza nilitoka nyumbani Katubuka gizani. Wageni wanaotoka Dar huwa wanashangaa asubuhi zetu. Nchi nzima inafuata majira ya saa yale yale, na sisi tuko ukingoni kabisa mwa magharibi, kwa hiyo mwezi Juni jua la Kigoma linachomoza karibu saa moja kamili. Saa kumi na mbili na nusu bado unaona taa za boda tu. Tulianza. Mita mia tano za kwanza nilijisikia kijana. Miguu ilikumbuka. Kisha barabara ikaanza kupanda.

Kwa asiyeijua Kigoma, mji wetu umekaa juu ya vilima vinavyoteremkia ziwani. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka usawa wa Stesheni kwenda Mwanga huna budi kupanda. Katikati ya kilima vijana walikuwa wanapiga stori za mpira. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, nasikia mapigo ya moyo masikioni, na kijana mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, uko poa?" nilimjibu kwa kidole gumba, kwa sababu neno halikutoka. Waliniacha. Nikatembea, nikapata pumzi, nikawafukuza, nikawakuta Mwanga wamesimama wananisubiri kwa heshima. Kwa vile walinisubiri, niliona nimefika nao. Nikarudia Jumanne, nikarudia Alhamisi, na siku za katikati nikawa nakimbia peke yangu kusudi niwakamate upesi.

Siku ya kumi na tatu kigimbi cha mguu wa kushoto kiliachia. Nilisikia kama mtu amenirushia jiwe kwa nyuma, nikageuka kabisa kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro hadi bajaji ikapita.

Mke wangu alinifunga barafu kwenye kanga bila kusema lolote. Usiku, taa imeshazimwa, ndipo aliposema: "Baba Neema, hivi unakimbizana na nani?" Sikuwa na jibu. Nilichechemea wiki tatu, na swali lile lilikuwa linachechemea na mimi.

Nadhani kizazi changu kina sababu yake. Tumelelewa na habari za Filbert Bayi, jinsi alivyoshika uongozi kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akabaki mbele hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Baba yangu alikuwa akisimulia kana kwamba alikuwepo. Kwetu sisi watoto, kukimbia maana yake ilikuwa ni kufyatuka. Hakuna aliyetusimulia miaka ya maandalizi iliyomwezesha yule bwana kufyatuka na asizimike.

Nilipoanza kukanyaga vizuri, nikapangiwa zamu shuleni. Mwalimu wa zamu husimamia mchakamchaka wa asubuhi. Watoto wanajipanga, kiranja mbele, wanakwenda mbio ndogo ndogo hadi barabarani na kurudi huku kiranja anaimba na wenzake wanaitikia. Nimeuona mchakamchaka maisha yangu yote na sijawahi kuufikiria. Asubuhi ile, kwa kuwa sikutaka kukaza mguu, nilijiunga nyuma kabisa na watoto wa darasa la tatu.

Kiranja alikuwa mtoto mwenye miguu mirefu. Kila alipojisahau akaongeza kasi, kiitikio kilianza kufa, kwanza huku nyuma kwa wadogo, kisha katikati, mwisho akabaki anaimba peke yake. Akigeuka kuangalia, anapunguza. Baada ya hatua ishirini hivi sauti zinarudi, kwanza mbele, kisha katikati, mwisho kwetu. Ilitokea mara tatu kabla hatujafika barabarani. Mara ya tatu nilijikuta nasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza injini. Sauti ile ilikuwa inapima kitu. Ilimwambia kiranja, bila saa wala simu, kwamba kasi hii wadogo wanaiweza au hawaiwezi. Nami nilikuwa naitikia! Mguu hauumi, pumzi ipo, na ninakimbia.

Jioni nilirudi mwenyewe kwenye uwanja wa shule nikajaribu. Nilianza kukimbia huku naimba kiitikio kwa sauti ya chini. Ilinibidi nipunguze, nipunguze tena, mpaka nikaona aibu mwendo ulivyokuwa mdogo. Mama mmoja aliyekuwa anakatiza uwanjani na ndoo ya dagaa kichwani alinipita kidogo tu baada ya mimi kumpita. Lakini niliimba. Simu ilisema dakika 8 na sekunde 20 kwa kilomita. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi yangu ya kweli ya mwendo wa kawaida, Agosti 2025, na ilikuwa haifanani hata kidogo na ile ya kwenye ubao wa bwalo.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa namba, sikuridhika na kuimba peke yake. Nikaanza kuhesabu mapigo: unasimama, unaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, unahesabu kwa sekunde 15, unazidisha kwa nne. Ni lazima uhesabu papo hapo, maana ukichelewa nusu dakika moyo umeshatulia na namba imekudanganya. Kwa dakika 8 na 20 nilipata 33, yaani 132 kwa dakika. Siku nyingine nikajaribu dakika 6 na nusu, nikapata 41, yaani 164, na kiitikio hakikutoka kabisa. Kanuni inayotajwa sana ni 220 kutoa umri, ambayo kwangu inatoa 175 kama kilele cha moyo. Basi 132 ni robo tatu ya kilele, na 164 ni karibu kabisa na dari.

Naomba msomaji asiishike kanuni hiyo kama aya ya kitabu kitakatifu. Ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na zaidi. Na baadhi ya dawa za presha huzuia moyo usipande, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anakaribia kuzimia na vidole vyake vinamwambia 120. Ndiyo maana mpaka leo, namba na sauti zikipingana, mimi nafuata sauti. Kama naweza kutoa sentensi nzima bila kuikata katikati, niko pangu. Nikitoa maneno matatu nikavuta hewa, nimeshapita.

Septemba nilitaka kujua dari yangu liko wapi hasa. Nikachukua kipimo alichokitumia daktari Kenneth Cooper kwa askari wa jeshi la anga la Marekani, kilichotangazwa mwaka 1968: unakimbia dakika 12 kwa nguvu zako zote, unaangalia umefika umbali gani. (Kama una presha au moyo una historia, usifanye bila kumwuliza daktari. Mimi niliuliza, na presha ilikuwa imeshashuka.) Tuliupima uwanja kwa futikamba ya michezo, mzunguko ukawa mita 300. Mwanafunzi alishika saa. Nilizunguka mara sita na zaidi kidogo ya nusu, mita 1,980, kisha nikalala kwenye nyasi.

Nilipokaa na daftari nikaona kitu kilichonishtua. Mita 1,980 kwa dakika 12 ni dakika 6 na sekunde 4 kwa kilomita. Hiyo ni kwa nguvu zangu zote, kwenye uwanja tambarare, kwa dakika 12 tu. Na Juni nilikuwa najipachika kwa vijana wa dakika 5 na nusu, kwenye kilima, kwa kilomita kumi. Si kwamba nilikosa ujasiri au nidhamu, maneno ambayo nilikuwa nimejilaumu nayo wiki tatu nzima. Nilikuwa naudai mwili kitu ambacho haukuwa nacho. Vijana wale kwao 5 na nusu ni mwendo wa stori za mpira. Barabara moja, saa moja, kasi moja, lakini wao walikuwa mazoezini na mimi nilikuwa mashindanoni kila siku.

Mwezi huo huo Alphonce Simbu akashinda marathoni ya dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tuliirudia video ofisini kwa walimu mara nyingi. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, wakatenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde, tatu katika mia. Watoto wakataka kujua hiyo ni kasi gani. Tukagawanya ubaoni: kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita. Kwenye uwanja wetu ni sekunde 55 kwa mzunguko. Mtoto mwepesi kuliko wote darasa la saba akajitolea. Mzunguko wa kwanza alienda vizuri, wenzake wakipiga makofi. Wa pili alisimama nusu, mikono magotini. Simbu alishika mwendo huo kwa kilomita 42 na mita 195, na mwishoni akabakiwa na nguvu za kumpita mtu. Sijapata somo la uwiano lililoeleweka haraka kama lile.

Kuhusu umbali nilijifunza kwa maumivu ya pili, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu naona linawapata wengi wanaoanza ukubwani. Baada ya kuimba uwanjani nilifuata utaratibu wa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, jumla dakika 24, mara tatu kwa wiki. Kisha mbili kwa mbili. Kisha tatu kwa moja. Nilihesabu dakika, sikuhesabu kilomita, kwa sababu kilomita zilikuwa zinanirudishia tamaa. Kufikia Oktoba nilikuwa nakimbia nusu saa mfululizo, na pumzi ilikuwa shwari kabisa. Hapo ndipo mtego ulipo. Pumzi na moyo hupata nguvu mapema, ndani ya wiki chache tu. Mishipa migumu inayoshika misuli kwenye mfupa, pamoja na mifupa yenyewe, huchukua miezi. Kwa hiyo unafika wakati kifua kinakuambia twende kumi, na miguu bado ina uwezo wa tano. Kuimba hakukusaidii hapo. Niliimba kilomita tisa nzima siku moja ya Oktoba, na kesho yake muundi wa mguu wa kulia ulikuwa unauma kila nikikanyaga.

Niliujua mwili wangu vizuri zaidi safari hii. Nilipitisha kidole juu ya mfupa, nikaona maumivu yameenea urefu wa kiganja, hayako kwenye nukta moja. Yangekuwa kwenye nukta moja ningekwenda hospitali siku ileile, maana hiyo inaweza kuwa dalili ya mfupa kutaka kupasuka. Nilipumzika siku sita, nikarudi kwa dakika 20. Tangu hapo mbio yangu ndefu ya wiki haizidi sana theluthi ya jumla ya wiki nzima. Wapo wanaosema usiongeze zaidi ya asilimia kumi kwa wiki. Mimi nimeichukua kama breki, si kama sheria. Wiki ambayo nimelala vibaya au nimesahihisha mitihani hadi usiku, siongezi hata dakika moja.

Kilima cha Mwanga nacho nimepatana nacho. Zamani nilitaka nipande kwa kasi ile ile ya tambarare. Siku hizi nakwenda kwa pumzi ile ile, na kasi inajipanga yenyewe: ile 8 na 20 ikawa 10 na zaidi, na ni sawa kabisa. Niliwaangalia akina mama wanaopanda kutoka Kibirizi na beseni za dagaa. Chini kwenye tambarare wana hatua ndefu. Kilima kikianza, hatua zinakuwa fupi, kiwiliwili kimenyooka, na mazungumzo hayakatiki. Kuteremka ndiko kunadanganya zaidi. Unaona unaruka bure, kumbe mapaja ndiyo yanafunga breki kila hatua, na utayasikia kesho kutwa ukishuka ngazi.

Mvua zilipoanza nikaona jambo jingine kwenye daftari. Joto lile zito la ziwani, kabla mvua haijashuka, liliongeza mapigo yangu kwa saba au nane bila mimi kuongeza kasi. Siku hizo napunguza mwendo na ninaandika pembeni neno moja: joto. Bila neno hilo ningeusoma ukurasa ule baada ya mwezi nikadhani nimerudi nyuma.

Februari 2026 nilirudia kipimo cha dakika 12. Mizunguko saba na nusu, mita 2,250. Mapigo 132 sasa yananipa dakika 7 na sekunde 25 kwa kilomita. Presha ya mwisho ilisoma 128 kwa 82. Na Jumamosi moja nilikimbia kutoka Stesheni hadi Ujiji, kilomita kama nane, nikaenda kupumzika chini ya miembe ya makumbusho ya Livingstone. Vijana walinipita nikiwa bado Mwanga. "Shikamoo Mwalimu!" Nikaitikia marahaba kwa wote, mmoja mmoja, kwa sauti.

Sasa Mama Neema naye ameanza. Alikataa kwenda uwanjani, anataka barabara. Tunatoka jioni, tuna mwanga hadi karibu saa moja, na mwendo wake ni dakika 9 na sekunde 40. Wiki ya kwanza nilikuwa namtangulia hatua mbili bila kujua, akaniambia nirudi nyuma. Nikarudi. Tangu Katubuka anazungumza: bei ya mawese, shangazi yake wa Kasulu, sare ya Neema iliyopungua mikono. Juzi tulipoanza kupanda alinyamaza. Nikafupisha hatua bila kusema kitu. Tukapita nguzo ya kwanza ya umeme, tukapita ya pili, nasikia raba zetu tu kwenye lami. Karibu na ya tatu akavuta hewa akasema, "Kwa hiyo nikamwambia shangazi," na tukaendelea kupanda.